Usishike

Mvua ikinyesha kwetu, mke wangu hulala kwa Herbert. Sisemi kwa mafumbo. Ndivyo kamati ilivyopanga, kanisani, mbele ya watu, na aliyefunga mkutano kwa maombi ni mjomba wangu mwenyewe.

Kwetu ni mlimani, upande wa Murang'a, mahali ambapo majani chai yamepandwa kwenye mteremko mkali hivi kwamba mchumaji akiteleza vizuri anaweza kujikuta shambani kwa jirani. Mwaka juzi mlima wa ng'ambo uliporomoka na kufunika nyumba na watu waliokuwa wakila chakula cha jioni. Baada ya mazishi, kaunti ilituma afisa wa majanga, binti mmoja mwenye buti za mpira na subira nyingi, akawafundisha watu wetu kujiandaa. Mafunzo yenyewe si mabaya, sikatai. Begi la stakabadhi na nguo likae mlangoni. Viatu vya watoto vilale vimeelekea nje. Na kila nyumba iliyo juu ya barabara ya chai ipewe mwenyeji, yaani nyumba ya chini iliyojengwa kwenye mwamba, ambako watu wake watakimbilia mvua ikizidi.

Sasa, katika watu wote waliojaa kwenye mlima ule, mwenyeji wa mke wangu akawa Herbert.

Herbert ana mashine ya kusaga unga na sauti nene ya kwaya. Kabla sijamwoa Milka, alikuwa ameshaanza kupeleka kreti za soda kwa kina Milka, mimi nikampiku kwa kuwahi kupeleka wazee wa posa. Hajaoa hadi leo. Wengine wanasema ni shughuli za mashine. Mimi nina maoni yangu.

"Anaishi na mama yake," Milka aliniambia nilipopiga simu kulalamika. "Mimi na watoto tunalala chumba cha mama."

"Mama yake ni kiziwi."

"Kwani unataka asikie nini, Baba Melissa?"

Nilikuwa nimekaa kitandani, chumbani kwetu Industrial Area ya Doha, Qatar, na Collins wa kitanda cha juu akacheka hadi vyuma vikalia. Collins ni wa kutoka Kisii, na tangu hapo kila asubuhi tukipanga foleni ya bafu alikuwa akiniuliza, "Mwaura, leo ni milimita ngapi za wivu?" Alikuwa anajua kwamba nikiamka tu, kabla sijanawa uso, nafungua simu kuangalia hali ya hewa. Si ya Doha. Doha ina jua na vumbi, basi. Naangalia ya kwetu. Wingu likichorwa juu ya Murang'a, siku yangu imeharibika.

Watu husema ni afadhali kufanya kazi Qatar kuliko Marekani kwa sababu saa za huku na za kwetu ni zile zile. Mimi jambo hilo lilinitesa. Mtu wa Marekani anaweza kujidanganya kwamba mkewe sasa hivi yuko shambani. Giza likiingia Lusail, pale ninapolinda mlango wa jumba la matajiri, nilijua kwetu pia giza limeingia, na kama kumenyesha, Milka amefika kwa Herbert, amevua gamboti, amekaribishwa chai.

Halafu kulikuwa na ile video ya mazoezi. Afisa aliwaita wote Jumamosi moja, jua likiwaka, wajifanye mvua imezidi. Milka akanitumia video akidhani nitafurahi. Watu wanashuka na mabegi, wanacheka, kina mama wamejifunika magunia ya plastiki kichwani ingawa hakuna tone la mvua. Binti yangu Melissa amekaza macho mbele kama askari wa gwaride. Milka anatokea kwenye kona, amembeba Tiffany, mdogo wetu, na begi begani. Herbert anatoka upande wa kushoto na kumpokea begi.

Hilo tu. Amempokea begi. Lakini angalieni vizuri, na mimi niliangalia vizuri, mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema: hakuomba. Alinyoosha mkono tu, na Milka akalegeza bega, kama watu waliozoea.

"Si mazoezi?" Collins akasema. "Kila mtu anapokewa begi."

"Mbona mwenye mbuzi hakupokewa mbuzi?"

Na kabla hilo halijapoa, ikaja picha ya chupa. Mvua ya kwetu hupimwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, imefungwa kwenye nguzo katika ua wa Herbert, kwa kuwa ua wake hauna miti. Ubavuni kuna mistari miwili. Maji yakifika mstari wa kwanza, watu wajiandae. Yakifika wa pili, watoke. Niliitazama picha ile, nikaivuta karibu. Mistari ilikuwa myekundu, wekundu ule wa zambarau kidogo ambao niliuchagua mwenyewe duka moja la Al Mansoura, huku huku Doha, nikiwa nimesimama katikati ya wanawake wa Kifilipino wanaonicheka. Ilikuwa rangi ya kucha. Nilimtumia Milka Krismasi.

"Umempa Herbert rangi niliyokununulia?"

"Wino wa kalamu unaoshwa na mvua. Rangi ya kucha haitoki. Afisa mwenyewe alisifu."

"Mimi nilitaka iwe kwa kucha zako."

"Nachuma chai, Baba Melissa. Nikipaka kucha nani ataziona?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikijiuliza mimi.

Lakini kilichonimaliza ni kuflashi. Afisa alipouliza watu watapashana vipi habari, walimwambia asihangaike na ving'ora, sisi tuna njia yetu. Mwenye chupa atawaflashi. Simu inaita kidogo, inakatwa, hakuna krediti inayoliwa. Flashi moja: vaa viatu. Flashi mbili: toka sasa hivi. Na sheria kubwa ni kwamba hakuna kushika simu. Ukishika umeharibu, umemlia krediti na umemchelewesha, na bado ana nyumba nyingine za kuita. Kwa hiyo simu ya mke wangu ilikuwa inaita na kukatika, inaita na kukatika, jina ni Herbert, na mke wangu anaitazama tu na kunyamaza. Nyinyi wenye wake, niambieni. Kabla ya hii kamati, mwanamke ambaye simu yake inaflashiwa na mwanamume mwingine, naye hashiki, tulikuwa tunamwitaje?

Mwezi wa nne mvua ndefu ikaanza, na flashi zikaanza nazo. Milka alilala kwa Herbert mara tatu katika wiki moja, na mara zote mlima haukusogea hata jiwe. Mara ya tatu nilimwambia inatosha.

"Mbloki."

"Nikimbloki nitajuaje chupa imefika?"

"Herbert amwambie Paul, Paul akuambie." Paul ni binamu yangu, nyumba yake iko chini kidogo ya yetu.

"Paul akilewa hajui hata jina lake."

"Milka, chagua."

Nilisikia Tiffany akiimba kitu cha shule ya Jumapili. Kisha akaniambia sawa, na baadaye akanitumia picha ya kioo cha simu yake: Herbert ameblokiwa. Hakuandika neno chini ya picha. Nililala usingizi mzuri.

Sikuishia hapo. Kesho yake nilinunua krediti, nikampigia Herbert mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu soda, kuhusu begi, kuhusu rangi ya kucha, na mambo mengine kuhusu mashine yake ya kusaga ambayo siwezi kuyarudia hapa. Aliniacha nimalize.

"Umemaliza, Mwaura?" akasema kwa ile sauti yake ya kwaya. "Basi wacha niangalie chupa, naona kunaanza kunyesha."

Akakata. Niliihifadhi namba yake ili akipata ujasiri wa kunijibu nisimpe nafasi hiyo, na mahali pa jina nikaandika kwa herufi kubwa: USISHIKE.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, mchana, mwezi wa tano. Nilikuwa kwenye mlango wangu Lusail, ndani ya koti la kampuni, kiyoyozi kikinipiga shingoni. Simu haturuhusiwi kuonyesha mbele ya wapangaji. Ilikuwa mfukoni, imewekwa itetemeke tu. Ikatetemeka, ikanyamaza.

Nilichungulia. USISHIKE.

Damu ikanipanda. Nikajua amepata cha kunijibu, na hata kunipigia anaona hasara, ananiflashi ili nimpigie kwa pesa zangu, nimlipe anitukane. Nikajiambia sitampigia ng'o. Mama mmoja mpangaji alikuwa anashuka kwenye gari na mifuko, nikamfungulia mlango, nikatabasamu kama tulivyofundishwa. Mfukoni ikatetemeka tena. Ikanyamaza.

Nilirudi mahali pangu, nikaitazama. Mara mbili. Nikangoja ya tatu, maana mtu mwenye ugomvi hachoki mapema. Haikuja. Kioo kilikuwa kimetulia na lile neno langu limekaa pale, nililoliandika kwa mkono wangu: usishike. Usishike, ukishika umeharibu.

Sikumbuki nilivyotoka mlangoni. Nilisimama nje kwenye joto, simu sikioni, nampigia Milka, na inaita bila kushikwa. Nikapiga tena. Alishika nikiwa nakaribia kuitupa ukutani. Nyuma yake mabati yalikuwa yananguruma kwa mvua hadi sauti yake ilikuwa inapotea.

"Niko nyumbani," akasema kabla sijafungua mdomo. "Niko na watoto. Hakuna mtu amekuja. Herbert sijamwona tangu Jumapili, na Jumapili ilikuwa kanisani."

Hiyo ndiyo salamu niliyokuwa nimemfundisha.

"Milka, toka. Nenda kwa Herbert."

Mvua ikanguruma. Nilidhani amekata.

"Milka!"

"Unanijaribu," akasema.

"Sikujaribu. Toka sasa hivi, chukua watoto, nenda kwa Herbert."

"Ili nikienda useme nilikuwa nangoja tu uniambie? Ukamwonyeshe mama yako kwamba sikukaa hata dakika? Hapana, Baba Melissa. Umesema nikae, nimekaa. Mimi siendi kwa mtu."

Nilianza kupiga kelele. Nilimwapia kwa Mungu na kwa kaburi la baba yangu, na kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo alivyozidi kuwa mtulivu, kwa sababu sauti hiyo aliizoea. Ndiyo sauti ya kila siku. Niliisikia mwenyewe, sauti ya mtu anayeuliza uko wapi na uko na nani. Ilibidi ninyamaze. Niliegemea ukuta wa moto wa jumba la watu, nikasema polepole:

"Ameniflashi mara mbili."

"Nani?"

"Herbert."

"Akuflashi wewe uko Qatar, kwa nini?"

"Kwa sababu wewe umembloki."

"Na nani aliniambia nimbloki?"

"Mimi."

Nilisikia anavuta pumzi. Kisha sauti yake ikaenda mbali na simu, kali, tofauti kabisa: "Melissa! Viatu! Mshike Tiffany mkono, begi niachie mimi!" Mlango ukagonga. Mvua ikajaa ndani ya simu yote, na laini ikakatika.

Nilipiga tena. Mteja hapatikani. Nikampigia Paul. Mteja hapatikani. Kumbe alikuwa amelala sokoni kwenye kibanda cha pombe, simu imezima tangu asubuhi. USISHIKE sikumpigia. Nilikuwa naogopa kumchelewesha.

Supavaiza alinikuta nje, akanirudisha ndani kwa maneno ambayo nilistahili. Nikafungua mlango, nikafunga mlango. Kijana wa kuleta vyakula aliniuliza nyumba fulani iko ghorofa gani nikamwonyesha lifti na kidole. Wakati huo wote nilikuwa nashuka njia ile pamoja nao. Naijua: kona ya mti wa mkaratusi, ngazi za udongo, pale panapoteleza, kisha barabara ya chai. Nilijaribu kukumbuka kama Tiffany anaweza kuzishuka zile ngazi peke yake. Nikashindwa.

Zamu iliisha, basi la kampuni likatuchukua. Habari zilikuwa zimeanza kufika kwenye kundi letu la simu la watu wa kwetu: mlima umeteleza, juu ya barabara ya chai. Hakuna aliyesema nyumba ya nani. Collins alikaa kando yangu. Nilimweleza yote, na hata katika hali ile, nikijisikia mwenyewe, nilianza kujitetea.

"Lakini kama nisingempigia kumtukana, angepata wapi namba yangu?"

Collins aliangalia nje, magari ya barabara ya Lusail yakipita.

"Na kama hungekuwa na wivu," akasema, "angeihitaji ya nini?"

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Tulikuwa tunaingia Industrial Area simu ilipoita. Iliita. Haikukatika. Iliendelea kuita mkononi mwangu na lile neno likiwaka juu yake, USISHIKE, na watu wa viti vya mbele wakageuka. Nilidhani ni Herbert ananipa habari ambayo mtu hupewa na mwanamume mwenzake. Collins akanigonga bega.

Nikashika.

"Tuko hapa," Milka akasema. "Sote."

Aliniambia simu yake imepotea kwenye matope. Herbert amenunua krediti ya kupiga nje kwa pesa zake. Jiko limekwenda, zizi limekwenda na ng'ombe ndani, na nyumba kubwa imesimama lakini ina ufa unaopitisha mkono. Walikuwa wamevuka barabara ya chai tu waliposikia sauti nyuma yao. Paul ameonekana, ni mzima, analia.

"Mtalala wapi?" nikauliza, na Mungu wangu, hata saa ile, niliuliza kwa ile sauti.

"Kwa Herbert," akasema. "Leo, na kesho, na hadi upate pa kutuweka. Useme sasa kama una neno."

Nyuma yake nilisikia vikombe, na kiziwi mmoja mzee akiongea kwa sauti kubwa, na ile sauti nene ikimwuliza mtoto kama anataka chai au uji. Iliniuma. Sitadanganya kwamba haikuniuma. Yeye yuko pale, ua wake unapokea mvua ile ile inayowanyeshea watoto wangu, anaweza kunyoosha mkono akapokea begi. Mimi nina krediti na sauti.

"Sina neno," nikasema. "Mwambie asante."

"Utamwambia mwenyewe. Ngoja, Melissa anataka kuongea nawe."

Melissa alikuja akihema, ana mambo mengi. Viatu alivaa vizuri. Alimshika Tiffany mkono hadi kwenye ngazi, lakini ngazi hazikuwepo tena, ulikuwa mto. Basi Herbert alikuwa ameshapanda kuwafuata, wakakutana naye hapo, akamchukua Tiffany mgongoni, na yeye Melissa akamshika mkono.

"Tiffany alilia?" nikauliza.

"Hakulia. Alimshika Herbert shingo. Herbert alisema, eh, mtoto huyu ni mzito!"

Akacheka, nami nikacheka naye, basi likasimama, watu wakaanza kushuka. Melissa akaniuliza kama ni kweli, Tiffany ni mzito.

Mimi sijui. Nilipoondoka nyumbani alikuwa bado tumboni.